Usifungulie dunia nzima mlango wa hesabu zako

Kama unapokea malipo kwa till, huenda mauzo yako yanaandikwa kwenye hifadhidata iliyo kwenye klaudi, na kila usiku huduma nyingine inayachukua na kuyalinganisha na malipo yaliyopita kwetu. Hifadhidata hiyo ina mlango, na mlango una orodha ya anwani za IP zinazoruhusiwa kuingia.

Chukua mfano wa duka la jumla hapo Elwak. Intaneti yake ni ya modemu ya simu. Jumatatu fundi anaandika anwani ya duka, kila kitu kinafanya kazi. Mtandao ukipotea na kurudi, anwani imebadilika: mfumo unakataa, wateja wamesimama na mifuko ya sukari. Mwenye duka akiweka laini ya Somalia ili asikwame, na sheria inasema Kenya pekee, basi haingii kabisa.

Hapa ndipo watu hukosea. Fundi anapigiwa simu kila dakika, anaamua kuandika 0.0.0.0/0. Maana yake ni anwani zote, zaidi ya bilioni 4. Foleni inatembea, lakini sasa kinachomzuia mwizi ni nywila peke yake. Ndani mna namba za simu za wateja na walichonunua. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mzigo wa kuzitunza ni wa mwenye duka. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wateja, ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data.

Tunashauri usiorodheshe anwani ya modemu hata kidogo. Mbali na kubadilika, kampuni za simu huigawia wateja wengi kwa pamoja, kwa hiyo unamruhusu pia mtu usiyemjua. Mwambie fundi aweke VPN yenye anwani moja isiyobadilika, kisha aiandike ikiishia na /32, yaani hiyo moja tu.

Kwa ile huduma ya usiku, tumia anwani ambazo mtoa huduma ametangaza kwa eneo seva zake zilipo. Eneo likibadilishwa, anwani nazo hubadilika. Ukiona malipo ya mchana yako sawa lakini hesabu za usiku hazikuja, kagua hapo kwanza kabla ya kutupigia (tunalaumiwa sana kwa hili!).

Na fundi akiacha kazi, futa anwani yake siku hiyo hiyo.