Kabla ya Kuomba Fedha za Shule, Wapimeni Watoto

Barua ya maombi ikianza na maneno "watoto wetu wanateseka", imesema kweli. Lakini anayeisoma ameshayakuta maneno hayo hayo katika barua za Goma, Bunia na Kalemie. Asichokuwa nacho ni hiki: katika darasa la tatu la shule yenu pale Kavimvira, mjini Uvira, ni watoto wangapi wanaoweza kusoma aya moja ya Kiswahili? Jibu hilo mnalo ninyi tu.

Kulipata hakuhitaji mtaalamu. Wenzetu wa mpango wa Uwezo, huko Kenya, Tanzania na Uganda, walianza mwaka 2009 kuwapima watoto mmoja mmoja majumbani: herufi, maneno, aya, hadithi fupi, kisha hesabu za kiwango cha darasa la pili. Kamati ya wazazi, yaani COPA, inaweza kufanya vivyo hivyo. Mpimeni mtoto kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kifaransa, kwa sababu mtihani wa kumaliza shule ya msingi unamngojea kwa Kifaransa. Andikeni pia nani haji masomoni na sababu yake: yuko ufukweni anaanika ndagala, nyumba yao imezama, au familia imekimbia vita kutoka uwanda wa Ruzizi. Majina ya watoto yabaki kwenu. Kwa mfadhili pelekeni hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo itakayowaambia muombe nini. Karo ya shule ya msingi ya serikali msiiombe: kifungu cha 43 cha Katiba ya Kongo kinasema elimu hiyo ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kukitekeleza. Ombeni madaftari, vitabu vya kusomea, saa za marudio kwa waliobaki nyuma. Walimu wanaoitwa NU, ambao serikali bado haiwalipi, wanastahili posho. Ila posho isimeze bajeti yote, maana mradi ukiisha mwalimu atabaki mikono mitupu na darasa litafungwa.

Na majengo je? Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe wa Uvira ulifurika ukaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu, kisha ziwa Tanganyika nalo likapanda. Ni haki kuomba kuta na mabati. Lakini onyesheni kiwanja ambacho maji hayakukifikia, na semeni ndani ya kuta hizo mtoto atafundishwa kusoma kwa njia gani. Ombi la mabati peke yake mimi nalihesabu kuwa nusu ya ombi.

Karatasi ni za lazima: chama kinachoomba kisajiliwe kwa Sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001, akaunti iwe na watia sahihi wawili, na ziwepo barua za direkta na za ofisi ya elimu. Mifuko mikubwa kama Education Cannot Wait kwa kawaida hupitishia fedha UNICEF na mashirika makubwa, hivyo mlango wenu ni vikao vya klasta ya elimu, ambako mashirika hupanga pamoja misaada ya elimu. Nendeni na ile hesabu mkononi. Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, wafadhili wakubwa waliahidi kwamba angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura itawafikia watendaji wa nchi husika. Wakumbusheni bila aibu, na muombe pia gharama za kuendesha chama.

Jambo moja msilisahau. Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia Uvira, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Basi andikeni katika ombi lenu masomo yatafanyikia wapi watu wakihama tena, nani atashika fedha, na nakala ya orodha ya watoto itatunzwa katika simu ya nani.

Wazazi, Jumamosi hii chukueni daftari moja na kalamu, mwanze na darasa la tatu.