Lori halijajaa, mizani imelikataa

SWALI: Nina tipa ya tairi kumi inayobeba chumvi kutoka Gongoni kwenda Mombasa. Uzito wote haukupita kiwango, lakini dereva wangu alizuiwa kwenye mizani. Je, ni halali?

JIBU: Yawezekana kabisa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari, inayotumika pia Kenya, huangalia uzito wa gari zima na uzito wa kila ekseli. Ekseli ya mbele yenye tairi mbili mwisho wake ni tani 8. Ekseli mbili za nyuma zilizofuatana, tairi nne kila moja, mwisho tani 18 kwa pamoja. Jumla ya tipa yako basi ni tani 26.

Tuseme mizani ilisoma tani 6 mbele na 19.5 nyuma. Jumla ni 25.5, bado uko salama. Nyuma ndiko ulikozidisha. Sheria inasamehe asilimia 5 kwenye ekseli, yaani hadi tani 18.9, na hiyo pia umeivuka. Chumvi ililundikwa nyuma. Ingesawazishwa kuelekea kabini kabla ya turubai kufungwa, mzigo uleule ungepita. Msamaha huo lakini hauhusu uzito wa gari zima.

Ukizuiwa, iwe Mtwapa au Mariakani:

• Dai karatasi ya vipimo, uisome ekseli kwa ekseli.

• Lipa kwa njia rasmi tu, upewe stakabadhi. Anayetaka kitu kidogo mkononi, mripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), yenye ofisi Malindi.

• Uamuzi ukikuumiza, Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

• Dereva akikamatwa, Kifungu cha 49 kinataka aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi.

Usimruhusu apite njia za panya. Gari la tani 3.5 na zaidi lazima lipimwe, na kukwepa mizani ni kosa hata mzigo ukiwa halali.

Vipi kuhusu kibali cha mzigo mkubwa? Hicho hutolewa na Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA) kabla ya safari, kwa mzigo usiogawanyika, mathalani tingatinga juu ya trela, au kitu kinachozidi upana wa mita 2.65. Chumvi, mchanga na kokoto hugawanyika, kwa hiyo anayekuuzia “kibali” cha kuzidisha chumvi anakuibia.

Ukipimiwa kiwandani, usiridhike na jumla peke yake. Uliza nyuma kuna tani ngapi, na kama zimezidi, zipunguzwe au zisogezwe mbele kabla lori halijatoka getini.