Klachi Iliyojificha Ndani ya Gari Otomatiki

Wengi husema gari otomatiki halina klachi. Si kweli. Pedali ya klachi ndiyo haipo, lakini klachi yenyewe imo, imejificha ndani ya toki konveta.

Chombo hiki hukaa kati ya injini na giaboksi. Weka feni mbili zitazamane, uwashe moja. Upepo wake utaizungusha ya pili. Humu ndani upepo ni mafuta. Ila feni ya pili hubaki nyuma kidogo, na tofauti hiyo hugeuka kuwa joto na petroli kupotea bure. Ndiyo maana gari likitulia katika mwendo, klachi hufunga, pande mbili zikazunguka pamoja. Packard wa Marekani waliitumia tangu 1949.

Utajuaje kama inafunga? Injini ipate moto kwanza, maana kwa baridi ya asubuhi ya huku kwetu haifungi. Tafuta mahali tambarare (hapo ndipo kuna kazi, barabara ya Litein ni kupanda na kushuka tu!) na pasiwe na gari nyuma. Dereva ashike 80, mguu wa mafuta usisonge, kisha aguse breki kidogo kwa mguu wa kushoto. Sindano ya mizunguko ya injini ikiruka kama 200 au 300, klachi ilikuwa imefunga, sasa imeachilia. Isiporuka, haikuwa imefunga.

Baba mdogo, ambaye hubeba maziwa, aliambiwa na fundi fulani anunue giaboksi nzima. Pesa zenyewe zilikuwa karo yetu! Nilimwomba tuangalie nyuma ya gari kwanza. Taa za breki zilikuwa zinawaka, na hakuna aliyekanyaga. Swichi ya breki ilikuwa imekwama, gari likadhani linasimamishwa kila wakati, hivyo likakataa kufunga klachi. Tulibadilisha swichi tu.

Gari likitetemeka kama lapita kwenye barabara ya mawimbi, chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, klachi imelika au mafuta yamechoka. Likizima kila ukisimama, basi klachi imekataa kuachilia. Huenda solenoidi au vali imekwama. Hilo lisiendeshwe kamwe kwenye mteremko, kwani injini ikizima, usukani huwa mzito na breki ngumu.