Sungura Akiacha Kula, Usisubiri Kesho



Mwaka jana kijana mmoja kwenye kata ninayohudumia alinipigia simu saa 2 usiku. Alikuwa na majike 8 na watoto kama 40 walioachishwa kunyonya. "Afisa, kuna watoto wawili wamepoa tu, chakula hawagusi." Siku ile nilikuwa nimechoka, nikamjibu, "Waangalie, nitapita kesho." Nilipofika saa 4 asubuhi wale wawili walishakufa, na wengine watano wamejikunja kwenye kona, nyuma kumelowa mharo. Ulikuwa ugonjwa wa koksidiosisi. Mpaka wiki inaisha alikuwa amepoteza 17. Hasara ile sehemu yake ni yangu, na ndiyo maana naandika somo hili.

Kwa nini sungura hasubiri

Sungura ni mnyama wa kuwindwa. Porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa, kwa hiyo anaficha ugonjwa mpaka anashindwa. Siku unayomwona amelala chini, ujue ameumwa muda.

Pili, utumbo wake unatakiwa kufanya kazi muda wote. Asipokula, utumbo unasimama, gesi inajaa, na hawezi kutapika. Sungura mkubwa ambaye hajala kwa saa 12 ni dharura. Mtoto ana muda mfupi zaidi ya huo.

Ukaguzi wa asubuhi, kabla ya kulisha

1. Chombo cha chakula. Kama chakula cha jana kimebaki, uliza kwa nini. Angalia na maji kwanza, maana sungura asiye na maji naye huacha kula.

2. Kinyesi. Cha sungura mzima ni cha mviringo, kikavu, kinalingana, na ni kingi. Kikiwa kidogo, kimepungua au hakipo kabisa, utumbo unasimama. Kile laini kilichoshikana kama kishada cha zabibu si mharo. Kwa kawaida anakila mwenyewe. Ukikikuta kingi sakafuni, mara nyingi umezidisha peleti na pumba, majani makavu ni machache. Mharo wa majimaji ni hatari, hasa kwa watoto wa mwezi 1 hadi 3.

3. Mkao. Amejikunja, macho nusu yamefumba, anasaga meno kwa nguvu: ana maumivu.

4. Pua na miguu ya mbele. Sungura mwenye mafua hujifuta pua kwa miguu. Manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yakiwa yamegandana, ana mafua hata kama pua inaonekana safi.

5. Masikio. Anatikisa kichwa, ndani kuna magamba ya kahawia: huo ni utitiri.

6. Kidevu. Kikilowa mate, angalia meno. Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Yakipishana hawezi kutafuna.

Ukimwona mgonjwa, fanya hivi

Mtenge muda huohuo. Kuanzia hapo hudumia wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha nawa mikono.

Ondoa peleti na pumba. Muachie majani makavu na maji safi.

Mguse tumbo taratibu. Likiwa gumu na limevimba kama mpira, usimlazimishe kula. Huyo anahitaji daktari wa mifugo leo, siyo kesho.

Mpime joto kama una kipimajoto. La kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Likishuka chini ya 38, mpe joto kwa chupa ya maji ya uvuguvugu uliyoizungushia kitambaa. Lakini kama anahema haraka mchana wa jua kali na masikio ni ya moto, hilo ni joto la hewa: mpeleke kivulini, mlowanishe masikio kwa kitambaa chenye maji. Usimtumbukize kwenye maji baridi.

Kisha piga simu. Sema umri, wangapi wanaumwa, tangu lini, wamekula nini, na dawa gani umeshatoa. Maelezo hayo yanaokoa muda kuliko kusema "sungura wangu wanakufa".

Dawa: hapa ndipo tunapoua wenyewe

Usichukue dawa iliyobaki ya kuku au ya nyumbani ukampa sungura. Amoksilini, ampisilini na penisilini kwa mdomo huua bakteria wazuri wa utumboni, wale wabaya wakatawala, na sungura anakufa kwa kuhara wakati wewe unadhani unamtibu.

Koksidiosisi hutibiwa kwa dawa za sulfa, amproliamu au toltrazurili. Utitiri hutibiwa kwa sindano ya ivermektini chini ya ngozi. Kipimo kinategemea uzito, kwa hiyo akupangie mtaalamu, na umuulize ni siku ngapi usubiri kabla ya kuchinja. Ile tabia ya kupaka oili chafu ya gari masikioni muiache, vijana wenzangu. Sungura anajilamba, anaimeza.

Kinga ni rahisi kuliko tiba

Koksidiosisi huenea kwa kinyesi. Sakafu iwe ya wavu au fito ili kinyesi kidondoke chini. Chakula kiwe kwenye chombo au kwenye tenga la majani, siyo sakafuni. Majani mabichi yaache yanyauke kwanza, usilishe yenye umande. Sungura mpya akae peke yake angalau wiki 2 kabla hajachanganyika na wenzake. Na weka daftari bandani: nani hakula, tarehe, ulifanya nini.

Yule kijana bado anafuga. Kabla ya kulisha anazunguka na daftari lake, kwa dakika kumi tu. Mwezi uliopita alinipigia tena usiku, mtoto mmoja ameacha kula. Nilichukua pikipiki nikaenda usiku uleule. Tulimpoteza huyo mmoja, wenzake wote wakabaki.

Anza kesho asubuhi. Na leo hii, weka kwenye simu yako namba ya afisa mifugo wa kata yako.