KUPIMA UCHAFUZI WA HEWA KANDO YA BARABARA

Moshi mweusi wa magari huonekana na kila apitaye njiani. Hata hivyo, uchafu ulio hatari zaidi hauonekani kwa macho: ni chembe zenye kipenyo kisichozidi mikrometa 2.5, ndogo sana kuliko unene wa unywele. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, lakini hizi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, zikadhuru mapafu yenyewe na moyo pia. Kwa hiyo jicho si kipimo cha kutegemewa.

Njia ya kupima

Kichujio safi hupimwa uzito. Kisha pampu huvuta hewa kupitia kichujio hicho kwa saa 24, na chembe kubwa hutengwa kabla ya kukifikia. Baadaye kichujio hupimwa tena. Katika miji ya pwani uangalifu wahitajika, kwani unyevu nao huongeza uzito. Ndiyo sababu kila mara kichujio huwekwa kwanza katika chumba chenye joto na unyevu usiobadilika.

Chukua mfano huu. Pampu yavuta mita 1 ya ujazo kwa saa, na uzito wa kichujio umeongezeka kwa mikrogramu 960. Basi:

960 ÷ 24 = mikrogramu 40 kwa kila mita ya ujazo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 wataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15, isipokuwa kwa siku 3 au 4 tu katika mwaka. Hewa ya mfano huu imezidi kiwango hicho zaidi ya mara mbili.

Mahali pa kupimia

Uchafu utokao kwenye magari hupungua upesi kadiri mtu asogeavyo mbali na barabara. Chombo kilichowekwa juu ya paa refu hueleza hewa ya mji kwa jumla; hakielezi hewa aivutayo mchuuzi wa machungwa ashindaye kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam. Anayetaka kujua hali ya mchuuzi huyo hana budi kupima pale akaapo, kwa kimo cha pua yake, na katika saa za msongamano pia.

Zoezi

1. Kichujio kimeongezeka mikrogramu 288 katika mita 24 za ujazo. Je, kiwango kimezidi?

2. Madarasa ya shule yako mita 10 kutoka barabarani, na uwanja uko mita 150. Chombo kiwekwe wapi? Toa sababu.