Mbwa wabaki garini?

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Minnesota. Kiangazi hiki tutaenda Yellowstone kwa gari-nyumba pamoja na mbwa wetu wawili. Je, tuwaache garini tukienda kutazama chemchemi za moto? Kiyoyozi kipo.

Jibu: Dada yangu, kiyoyozi hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Kinategemea umeme, na kambi nyingi za Yellowstone hazina pa kuchomeka waya. Fishing Bridge ndiyo yenye huduma hiyo. Jenereta nayo ikizimika, hakuna wa kukuambia. Vipo vipimajoto vinavyotuma ujumbe kwenye simu, ila mtandao hifadhini ni wa kubahatisha. Na joto halisubiri: nje kukiwa na nyuzi 22 tu, gari lililofungwa juani linaweza kupita 40 ndani ya saa moja.

Kuwachukua pia haiwezekani. Mbwa hawaruhusiwi kwenye njia za mbao wala vijia vya porini. Mwisho wao ni mita 30 hivi kutoka barabarani, tena kwa kamba isiyozidi futi 6. Sheria hiyo si ya kuonea mbwa. Mwaka 1981 mbwa alirukia chemchemi ya Celestine, kijana mmoja akajitosa kumwokoa, na wote wawili wakafa kwa kuungua.

Kwa hiyo pokezaneni: mmoja aende, mwingine abaki na mbwa kivulini, maji yakiwa karibu. Chemchemi ya Old Faithful hulipuka mara nyingi kwa siku, kwa hiyo hakuna atakayeikosa. Matembezi ya mbwa yafanyeni alfajiri, lami ikiwa bado baridi.