Skonzi za Jana, Kitafunio cha Leo: Somo kwa Waokaji Wadogo

Jioni, mwokaji mdogo hubaki na skonzi na kroasanti ambazo hazikununuliwa. Kesho yake zimekauka. Mteja huzibonyeza na kuziacha. Wengi huziuza kwa hasara au huwapa kuku. Nchini Ufaransa, waokaji wamezoea njia nyingine: kroasanti zilizolala huloweshwa kwa shira, hujazwa lozi zilizosagwa na kuokwa tena. Njia hiyo inafaa kwa skonzi pia, na matunda ya hapa nyumbani huongeza ladha.

Kwa nini mkate hukauka

Kukauka si kuoza. Mkate ukipoa, wanga ulio ndani yake hujipanga upya na kukaza. Ndiyo maana huwa mgumu hata ukifungwa vizuri, na ndani ya friji hukaza upesi zaidi. Moto huulainisha tena. Isitoshe, mkate mkavu hunyonya shira bila kuvurugika, tofauti na ule laini wa leo.

Mahitaji

• Skonzi au kroasanti 8 za jana
• Lozi zilizosagwa, siagi na sukari, gramu 100 za kila kimoja
• Mayai 2
• Shira: maji kikombe 1, sukari nusu kikombe, iliki kidogo
• Embe 1 lililoiva au ndizi 2, zikatwe vipande vyembamba

Lozi zikiwa ghali, korosho au njugu karanga zitumike badala yake.

Hatua za kufuata

1. Maji, sukari na iliki vichemshwe hadi sukari iyeyuke, kisha shira ipozwe.
2. Siagi na sukari zipigwe hadi zilainike. Mayai yaongezwe moja moja, kisha lozi.
3. Kila skonzi ipasuliwe, ipakwe shira upande wa ndani, ijazwe mchanganyiko wa lozi na matunda, kisha ifunikwe. Mchanganyiko kidogo upakwe juu.
4. Ziokwe kwa nyuzi joto 180 kwa dakika 15 hadi 20, mpaka ndani pashikane na juu pawe na rangi ya kahawia. Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye kifuniko, makaa machache chini na mengi juu.

Usalama

Mkate wenye ukungu, hata doa moja, utupwe wote wala wasipewe kuku, kwa kuwa ukungu huingia ndani usipoonekana. Njugu zilizokunjamana au kubadilika rangi zisitumike. Sumu ya aflatoksini haiondolewi na moto wa jikoni. Mnunuzi aelezwe kwamba mkate ni wa jana na kwamba kuna lozi au njugu ndani, maana baadhi ya watu hudhurika wakizila. Kitafunio kiuzwe siku hiyo hiyo. Kisichouzwa kisiokwe tena.

Hesabu kabla ya kuwasha jiko

Viungo vipya na makaa vihesabiwe kwanza. Kwa mfano, vikigharimu shilingi 320 kwa vipande 8, kila kipande kimeongezewa shilingi 40. Kukiuza chini ya hapo ni kuongeza hasara juu ya hasara. Ni vyema kuanza na vipande vichache, kuona wateja wanalipa kiasi gani, kisha kuongeza. Na skonzi zikibaki nyingi kila siku, dawa ni kupunguza unga unaokandwa asubuhi.